Je, Okonkwo alikuwa mwoga?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kusoma Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958. Wenzangu darasani wanasema Okonkwo alijinyonga kwa woga. Mimi nakataa, ila hoja sina.
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nami nilikuwa upande wako, mpaka nilipoisoma upya mwaka aliofariki baba yangu. Woga upo, lakini si wa kifo wala wa Mzungu. Okonkwo anamwogopa Unoka, babake, mpiga filimbi aliyekufa na madeni, bila cheo. Mtazame kule msituni. Ikemefuna, kijana mateka aliyelelewa kwake miaka mitatu, anaposhambuliwa ili auawe anamkimbilia akimwita baba. Naye anachomoa panga na kumuua, asije akaonekana dhaifu. Hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Baada ya miaka saba uhamishoni Mbanta, kijiji cha mamake, anarudi kwao Umuofia na kukuta kanisa, mahakama na biashara ya mawese. Wengine wanapima faida na hasara. Yeye anajua kupigana tu. Anapomkata kichwa tarishi wa mahakama, watu wanawaacha matarishi wengine wakimbie. Kwangu mimi alifia pale, kabla ya kamba.

Tena kwa Waigbo, watu wa Okonkwo, kujinyonga ni mwiko: ndugu hawamgusi, lazima azikwe na wageni. Unoka naye, kwa ugonjwa wa kuvimba, alitupwa Msitu Mwovu bila kaburi. Waulize wenzako: mtu aliyeukimbia mwisho wa babake maisha yake yote, kwa nini aufuate kwa miguu yake?