Ulikaza gari likiwa wapi?

Juzi nimemkuta dogo mmoja amelala chini ya Noah, gari liko juu ya stendi za chuma, miguu ya mbele inaning'inia kama ya kuku anayepelekwa sokoni, naye anakaza bolti za bushi, zile raba za kwenye maungio ya amu (mikono ya chuma inayoshika tairi), huku anaimba. Nikamwita, akanijibu, "Mzee, hiyo imekaza, haitoki tena." Najua haitoki. Ndiyo shida yenyewe. Nikaenda zangu kunywa chai nisije nikamrushia spana, na hapo kwenye chai nikaamua kuwaandikia nyie mafundi vijana jinsi ya kushika gari ambalo mteja analalamika ni gumu, maana mwaka huu huyo ni wa tatu.

1. Mteja akisema "gari gumu", bado hajasema kitu. Panda naye, ashike usukani mwenyewe, apite njia yake ya kila siku, wewe sikiliza. Linatetema likifika 80 mpaka 100? Anzia balansi ya matairi. Linatetema akikanyaga breki tu? Diski. Limesimama, gia iko D, usukani unacheza? Maunti, zile raba zinazobeba injini. Linagongagonga kwenye rasta lakini tuta kubwa linapanda kimya? Mara nyingi ni stabilaiza linki, kale kafimbo kanakounganisha amu na chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Dakika kumi tu, na hakuna spana iliyochafuka. Nyie mnakimbilia jeki kwa sababu ukiwa na jeki unaonekana unafanya kazi.

2. Upepo kwanza, matairi yakiwa ya baridi. Stika iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, imeandikwa kPa. 220 ni kama 32 kwenye geji zetu. Nimeshaletewa gari lina 45 kila tairi, na mwenyewe tayari ana shokapu nne mpya kwenye buti, anauliza ufundi shilingi ngapi. Usiulize nilivyotamani kumtajia bei.

3. Soma tairi. IST imekuja na 185/65 rimu 15, mwenyewe kaivalisha 205/45 rimu 17 za kung'aa, halafu analalamika kiuno. Piga hesabu: ukuta wa tairi ulikuwa milimita 120, sasa ni 92. Karibu sentimita tatu za raba na upepo zimeondoka, pamebaki chuma. Mwambie taratibu, hizo rimu anazipenda kuliko unavyodhani. Ukiwa hapo hapo angalia zile namba nne za mwisho za DOT, maandishi ya ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23, mwaka 2016. Kashata, yale meno ya tairi, utazikuta nzuri, ila raba imeshakuwa gome.

4. Bushi. Hapa mnisikilize.

Nilikuwa na miaka minne kwenye kazi, umri ule ambao fundi anajua kila kitu. Akaja mwalimu mstaafu na Mark II GX100, gari safi, viti vina vitambaa vya kufuma. Bushi za mbele zilikuwa zimekwisha kweli, hapo sikukosea. Tukaenda naye kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, akanunua nzuri, nikafunga zote, nikakaza zote. Juu ya stendi.

Kesho yake akarudi. "Mwanangu, gari limekuwa mkokoteni." Na mbele lilikuwa limeinuka kidogo, kama upana wa kidole. Nikamwambia huo ndio upya, zitazoea barabara. Baada ya wiki mbili karudi tena, nikasema shokapu. Sikuzipima. Nilisema tu, kwa sauti ya kitaalamu. Akanunua mbili za mbele, nikafunga. Ugumu uko pale pale. Mwezi wa pili bushi zimechanika, nikalaumu spea feki, akanunua seti nyingine, nami nikazikaza kule kule hewani.

Siku hiyo fundi mzee wa gereji ya jirani alikuja kuazima plaizi. Akainama, akachungulia, akauliza: "Ulikaza gari likiwa wapi?"

Sikulielewa swali. Akanieleza amechuchumaa, mkono wake mmoja ukiwa amu na mwingine bodi. Bushi si beringi, haizunguki. Raba imeshikana na bomba la ndani na la nje, kwa hiyo inajipinda. Ukikaza mguu unaning'inia, unaiambia raba hapo ndipo kwake. Gari likikanyaga chini raba imeshapindwa, inasukuma kurudi juu, inashindana na springi, na tuta bado halijafika. Nikalegeza bolti, nikashusha, nikalitikisa, nikalipeleka juu ya shimo la gereji likakanyaga kwa matairi yake, nikakaza. Dakika arobaini. Likatulia kama siku lilivyoshuka melini.

Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kwenda kumweleza mwalimu. Hakufoka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo zile shokapu zangu zilikuwa nzima?"

Zilikuwa nzima. Na wakati ananiuliza zilikuwa chini ya Chaser moja huko Buguruni, na hela yake nilikuwa nimeshaila.

Nililipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Alipokea kila mara, akahesabu, akasema ahsante. Heri angenitukana.

Huna shimo? Weka jeki chini ya boljointi, ile gololi ya mwisho wa amu upande wa tairi, inua amu mpaka gari lianze kuachana na stendi, kaza hapo.

5. Fimbo ya shokapu usiishike kwa plaizi, mkwaruzo mmoja unakula sili inayozuia mafuta. Na shokapu zifungwe mbili mbili, hata mteja akilia.

Nilikuwa na la sita kuhusu alaimenti, ila chai imeisha na dogo wangu naona kakaa juu ya tairi ananuna. Legeza zote nne, baba. Mwenye Noah anakuja saa kumi. Jeki ndogo iko nyuma ya kompresa.