Afadhali kunyamaza kuliko kuazima jina la binamu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa iwapo ni haki mtu kufungwa kwa kumtajia polisi jina lisilo lake. Kwa kuwa ninaishi Houston, nitajibu kwa sheria ya Texas.

Kifungu cha 38.02 cha sheria ya adhabu ya jimbo hili kinatenganisha kukataa kutaja jina na kutaja jina la uongo. Aliyekamatwa kihalali akakataa kujitambulisha kwa kawaida hutozwa faini isiyozidi dola 500, bila kifungo. Lakini anayedanganya jina, anwani au tarehe ya kuzaliwa, hata kama amezuiliwa tu na bado hajakamatwa, anaweza kufungwa hadi siku 180 na kutozwa faini ya hadi dola 2,000. Na ikiwa alikuwa akitafutwa, kifungo hufika mwaka mmoja na faini dola 4,000. (Dereva asijidanganye kwamba atanyamaza: akitakiwa leseni, ni lazima aionyeshe.)

Kwangu mimi adhabu hiyo ni ya haki, kwa sababu uongo huo mara nyingi humwangukia mtu asiyekuwapo. Kijana anasimamishwa akiendesha gari bila leseni, anaogopa, anataja jina na tarehe ya kuzaliwa ya binamu yake. Tiketi ya kosa la barabarani inaandikwa kwa jina la binamu, ambaye hana habari na hivyo haendi mahakamani. Hakimu anatoa hati ya kukamatwa, na anayekuja kufungwa pingu ni binamu huyo, akitoka zamu ya usiku na sare ya kazini bado mwilini. Kijana naye, ikithibitika kwamba alitumia utambulisho wa mtu halisi kwa nia ya kudhuru au kulaghai, anaweza kushtakiwa kwa kosa kubwa zaidi chini ya kifungu cha 32.51.

Linalonisumbua ni tarehe. Wakimbizi wengi waliopitia kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, waliandikishwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa siku yenyewe haikujulikana. Mama wa namna hiyo, akiulizwa na askari mwenye haraka, hutaja tarehe aliyoambiwa na wazazi wake, na kitambulisho kinasema nyingine. Sheria inadai uongo uwe wa makusudi, kwa hiyo mama huyu hana kosa. Ila makusudi hayapimwi kando ya barabara, na akipelekwa mahabusu, hata kesi ikifutwa baadaye, fomu ya kuomba uraia itamuuliza kama amewahi kukamatwa.

Kwa maoni yangu, mashirika yanayowapokea wageni yanapaswa kulifundisha jambo hili katika wiki ya kwanza, pamoja na matumizi ya basi na benki: mbele ya polisi taja jina na tarehe kama zilivyo kwenye kitambulisho chako, na kama hukuelewa swali, omba mkalimani kabla ya kujibu.