Shangazi, mtoto ninayemlea hanitaki

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunalea binti wa miaka 6. Alikuja kwetu akiwa na miaka 3, ametoka kwa watu waliokuwa wakimfungia ndani peke yake, siku nyingine bila kula. Hapa hakosi kitu, lakini anaficha mkate chini ya godoro mpaka unaota ukungu. Akianguka halii wala haji kwangu, nikimkumbatia anakakamaa. Wageni ndio anawarukia mapajani, anawaambia anataka kwenda nao. Juzi alinipiga teke, nikamwambia nitamrudisha alikotoka. Mume wangu anasema nimemdekeza, dawa yake fimbo. Sijamwambia mtu hili: sijisikii kumpenda. – Mama Mlezi*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Miaka 3 umemkumbatia mtu anayekakamaa. Moyo wa nani usingechoka? Mtoto huyu kwa sasa hadai uhisi chochote. Anachohitaji ni wewe wa leo uwe ndiye wa kesho: chakula kije kwa wakati, ukisema utamfuata shuleni umfuate, akikutukana bado umwogeshe jioni. Mapenzi mara nyingi huja baada ya kazi hiyo, tena polepole. Usijilaumu.

Mtoto mchanga akilia na mtu akaja, tena na tena, anajifunza kuwa akiumia kuna wa kumwita. Wa kwako alilia hakuja mtu, akaacha kulia. Goti linamuuma kama la mtoto yeyote, ila hajui kuwa wewe unaweza kumsaidia. Mkate ni akiba ya mtu aliyewahi kulala njaa. Na kuhusu wageni, najua watu wanamsifu kuwa ni mchangamfu, lakini mimi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: mtoto asiye na mtu wake humfuata yeyote.

Utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, dunia iliona watoto waliojazwa kwenye vituo vya kulelea watoto, hawana hata mmoja wa kuwapakata. Mwaka 2000 watafiti walianza kufuatilia watoto 136 wa vituo hivyo katika mji mkuu, Bucharest, nusu yao wakapelekwa kwa familia za walezi. Hao walijenga uhusiano na walezi wao vizuri kuliko waliobaki kwenye mpango wa vituo, na waliopata familia kabla ya kutimiza miaka 2 ndio walionufaika zaidi. Wako alichelewa, sitakuficha. Kazi yenu itakuwa ndefu zaidi, lakini bado inafaa kufanywa.

Ile kauli ya kumrudisha, irekebishe leo. Keti chini, macho yenu yalingane, umwambie: "Nilikasirika nikasema nitakurudisha. Nilikosea. Hapa ni kwenu, hata ukikasirika, hata mimi nikikasirika." Huenda akatazama ukuta au akaondoka zake. Umeshasema, na amesikia. Hata mama na mtoto aliyemzaa hukosana kila siku. Imani hujengwa pale mkubwa anaporudi kupatanisha.

Mkate usiupekue wala usimwaibishe. Tafuta kopo lenye mfuniko, liandikeni jina lake, liwe karibu na kitanda, na kila jioni mlijaze pamoja chakula kisichoharibika. Lake, bila kuomba ruhusa. Pengine usiku wa kwanza atalimaliza lote. Lijaze tena bila neno. Lisiwe zawadi akitulia, lisiondolewe akikosea.

Akianguka, usimkimbilie kumbeba. Keti hatua mbili kutoka alipo: "Hilo goti linauma. Nipo hapa, nina maji na kitambaa." Kisha ngoja. Ipo siku atanyoosha mguu tu huku ametazama pembeni. Safisha huo mguu, usidai na kumbatio.

Ndugu na wageni waombeni wamsalimie kwa mkono, na akitaka kupakatwa wamwambie, "Nenda kwa mama," au "kwa baba." Kulishwa, dawa na kubembelezwa vitoke kwenu wawili kwanza.

Sasa baba mwenye nyumba. Fimbo haitamfundisha mtoto huyu kitu, kwa sababu kuwaogopa wakubwa alishafundishwa, na ndiyo shida yenyewe. Mipaka iwepo: "Teke hapana, sitakuruhusu uniumize." Ila baada ya kusema hivyo kaa naye mpaka hasira ishuke. Kumfungia chumbani peke yake ni kumrudisha kule kule alikotoka.

Na akitokea mtu wa kuwaambia mtoto wa namna hii hukandamizwa kwa nguvu mpaka asalimu amri, mchukueni mtoto muondoke. Mwaka 2000 huko Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 alikosa hewa akafa kwa "tiba" ya aina hiyo, amefungwa ndani ya shuka na kukandamizwa kwa mito.

Mpelekeni kwa daktari wa watoto. Usikivu wake upimwe, lugha na ukuaji wake viangaliwe, kwa sababu usonji na matatizo mengine yanaweza kufanana na haya, na jina la ugonjwa utakalolikuta kwenye intaneti lisimgande bure. Mkipata mwanasaikolojia, chagueni anayefanya kazi na nyinyi pamoja na mtoto chumba kimoja. Anayemchukua peke yake na kuwaacha nyinyi nje hajengi uhusiano mnaoutafuta.

Mwisho, jioni moja kila wiki mtoto abaki na baba, wewe utoke upumzike. Mwambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, umwachie kitu chako akishike, na saa hiyo ikifika uwe umefika.

Shangazi