Vyombo vya Kuhamia Navyo Marekani

Mwalimu, umeuliza kama ufunge vyombo vyote vya nyumba yako ya Nakuru unapostaafu na kuhamia kwa binti yako Marekani. Friji, birika la umeme na pasi viache, kwa maana vimeundwa kwa volti 240 ilhali umeme wa nyumbani huko ni volti 120, na transfoma ya kubadili volti ili friji ifanye kazi ni mzigo mwingine. Samani na vyombo vya jikoni ulivyotumia kwa mwaka mmoja au zaidi huingia bila ushuru mradi si vya kuuzwa. Kwa hiyo andika orodha ya kila katoni, ukitaja hata sufuria, kabla mzigo haujateremka Mombasa. Vyeti vyako na picha za marehemu mzee usivitie kwenye kontena kamwe, vibebe mwenyewe. Makochi mazito, kwa maoni yangu, wagawie ndugu.