Tisheti plain za kuprinti, nichague zipi?

SWALI: Dada shikamoo, nimeanza kuprinti tisheti za oda ila nikienda kununua plain nachanganyikiwa, zote naona sawa tu, mara pamba mara polista mara GSM. Juzi nimeprinti nyekundu kwa skrini, ile fremu ya wavu unapitishia wino, maandishi meupe, baada ya siku chache yakawa pinki!! Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Wino sidhani kama una shida, shida ni kitambaa. Hizo nyekundu nahisi zilikuwa polista, na rangi ya polista ikipata joto la kukaushia wino inapanda juu inaingia kwenye ule weupe, ndo pinki yako hiyo. Kwa skrini chukua pamba 100%. Sablimesheni, ile ya kuhamisha picha kutoka kwenye karatasi kwa joto, ndo kinyume chake, yenyewe inataka polista tena nyeupe au rangi mpauko, kwenye pamba haishiki.

GSM ni uzito tu, gramu kwa mita moja ya mraba. Tisheti ya kawaida 150 mpaka 180 inatosha, zile za 120 ukiingiza mkono ndani unaona vidole kabisa, mteja gani atarudi? Hudi anzia 280 hivi.

Alafu pamba inasinyaa, kwa hiyo nunua moja kwanza, ipime, ifue, ikikauka ipime tena, vuta na kola uone kama inarudi, ikibaki imelegea kama mdomo wa gunia achana nayo hata kama bei tamu. Na oda ya watu 40 nunua zote siku moja, mzigo unaofuata weusi wake unaweza usifanane.