Dada wa Kisauni, usilipe amana ya godoro hilo la jeli

Usilipe. Umeandika kwamba kesho unakwenda kuweka amana ya shilingi 20,000 kwa godoro la sponji inayobonyea kwa umbo la mwili (memory foam), yenye jeli ya kupoza, futi 5 kwa 6, kwa sababu mumeo huamka kila usiku amelowa jasho. Umeuliza pia ni mashuka gani yatakayompa nafuu mtoto wenu mwenye harara. Godoro la namna hiyo hiyo nililinunua mwaka juzi kwa shilingi 72,000, na sikulala juu yake hata mwezi mmoja kamili.

Duka nililonunua lilikuwa na kiyoyozi kilichovuma tangu asubuhi. Muuzaji aliniambia niweke kiganja juu ya godoro, nami nikahisi ubaridi wa kweli, kama wa sakafu ya msikiti alfajiri. Sikujiuliza ubaridi ule umetoka wapi. Godoro lilikuwa limekaa kwenye hewa ya kiyoyozi siku nzima, na kitu chochote kilichopozwa namna hiyo kitanyonya joto la kiganja kwa dakika chache.

Jeli haitengenezi baridi, dada yangu. Kazi yake ni kupokea joto la mwili mpaka ijae, kama beseni linavyojaa maji, na ikishajaa inahitaji pahali pa kulimwaga. Katika chumba cha nyuzi 18, hewa hulipokea joto hilo na jeli ikaendelea kufanya kazi. Chumba changu kiko Tudor, hapa Mombasa, ghorofa ya mwisho, chini ya paa la zege linaloota jua mchana kutwa, na mwishoni mwa Machi, kaskazi imelegea na kusi haijaanza kuvuma, kipimajoto kilisoma nyuzi 30 saa sita za usiku. Ngozi ya mtu ina nyuzi 33 au 34 hivi. Kwa tofauti ndogo kama hiyo jeli haina pa kulipeleka joto, na chini yake kuna inchi kadhaa za sponji ambayo kwa asili yake huzuia joto lisipite.

Usiku wa tatu niliamka saa nane. Nilipitisha mkono pale nilipokuwa nimelala: umbo la mgongo wangu lilikuwa bado limebonyea kwenye sponji, shuka limelowa, na joto linapanda kutoka ndani kama la sufuria ya wali iliyopaliwa makaa. Mke wangu hakuwapo kitandani. Alikuwa ametandika mkeka wa miyaa karibu na mlango wa roshani, amejifunika leso, amelala usingizi mzito juu ya sakafu tupu, ilhali shilingi 72,000 zimelala kitandani nami.

Namlaumu muuzaji yule, na sitaacha kumlaumu. Ni mtu wa Mombasa kama mimi, analijua joto hili, na nilimwambia wazi kwamba nyumbani sina kiyoyozi. Jibu lake lilikuwa kwamba sponji ile ilibuniwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Hilo ni kweli: ilibuniwa mwaka 1966 katika kazi iliyofanywa kwa ajili ya shirika hilo, lakini ilikusudiwa viti vya ndege, ili kumkinga aliyekaa dhidi ya mshindo. Kumpoza mtu aliyelala hakukuwamo katika kusudi hilo. Kisha akaniongezea kifuniko kisichopitisha maji, shilingi 4,500, akisema kwamba bila hicho dhamana itavunjika. Kifuniko kile hakikupitisha jasho wala hewa, kwa hiyo nililipa zaidi ili niungue zaidi. Nilipomrudia kulalamika, akanijibu kwamba dhamana inahusu kubonyea na kupasuka, na kwamba joto halimo. Mwishowe nilimwuzia shemeji yangu aliyekuwa anahamia Limuru, kwa shilingi 28,000, naye hadi leo analisifu, kwa kuwa kule usiku una baridi ya kutosha kulipokea joto la jeli.

Kanuni yangu ni moja: katika mji huu, nunua kinachopitisha hewa. Mwili hupoa jasho linapokauka, na unyevu wa hewa ya pwani tayari unalichelewesha; ukiziba na mgongo kwa sponji inayokukumbatia, jasho halina pa kwenda. Sasa tunalala juu ya godoro la springi, ambalo ndani yake mna nafasi ya hewa, na nailoni iliyokuja nalo tuliichana siku ile ile. Plaiwudi iliyokuwa chini nilimwita fundi seremala akaiondoa, akapiga chaga zenye mwanya wa vidole viwili, kisha tukauacha uvungu uwe wazi, bila masanduku, ili upepo wa pangaboi upite juu na chini. Nyanya yangu kule Kibokoni alilala miaka yote juu ya kitanda cha kamba na godoro la sufi, ambalo halikupita wiki bila kuanikwa juani, na hakulalamika fukuto la kitandani hata kaskazi ilipokuwa kali.

Mashuka, ya mtoto wenu pia, yawe ya pamba tupu, yaliyofumwa kwa wepesi. Yale laini yanayoitwa maikrofaiba ni poliesta, na poliesta hainywi jasho. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huacha jivu jepesi, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Na ikiwa mumeo hutoka jasho hata usiku wa Julai, au anakohoa, au anapungua uzito, mpeleke kwa daktari kabla ya duka lolote, kwa sababu jasho la usiku ni mojawapo ya dalili za kifua kikuu.

Ikiwa bado unakwenda kesho, nenda na mumeo, mwombe muuzaji azime kiyoyozi, kisha mumeo alale chali juu ya godoro hilo kwa dakika 30 akiwa na shati lake. Akiinuka, weka mkono wako pale mgongo wake ulipokuwa. Muuzaji akikataa kuzima, ondokeni na pesa zenu.