Kabla ya kushona kidonda cha mgandamizo, kagua mto wa kiti

Mgonjwa wa kitimwendo akija na kidonda kilichofika kwenye mfupa wa kukalia, usikimbilie kupanga tarehe ya upasuaji. Bonyeza mto anaokalia kwanza. Mkono ukigusa ubao, mto huo utaua flapu yako, yaani kipande cha ngozi na nyama unachokihamisha kuziba kidonda, hata ukishona kwa ustadi namna gani.

Mengine ya kuandaa yanajulikana: damu ya kutosha, protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, sigara iachwe, mikakamao ya miguu itulizwe. Kidonda cha miaka mingi kikatwe kipande kwa ajili ya maabara, maana saratani hujificha humo.

Mezani, kumbuka kwamba mdomo wa kidonda hudanganya. Chini yake kuna mfuko mpana zaidi. Upake rangi ya methilini bluu ndani, kisha uutoe wote. Ukiona bluu, bado hujamaliza. Mfupa uliooza chonga hadi utoe damu, na kipande chake kipimwe bakteria. Ila usiung'oe wote kwa pupa: uzito utahamia upande wa pili, na kidonda kipya kitaota huko. Flapu ichorwe kubwa kuliko shimo, mshono uwe mbali na mfupa, nyama ijaze uwazi wote. Pakibaki pengo, damu hujikusanya, usaha hufuata. Kwa hiyo mpira wa kunyonya damu hautolewi kwa kuhesabu siku. Ngoja kinachotoka kishuke chini ya mililita 30 kwa saa 24.

"Hasikii maumivu" si sababu ya kupuuza ganzi. Aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu zaidi anaweza kupanda presha ghafla, kichwa kikamgonga na jasho likamtoka usoni. Angalia upesi kama mpira wa mkojo umeziba.

Baadaye ni kulala wiki 3 hadi 6 bila kukunja nyonga, akigeuzwa kila saa 2, asilalie flapu. Anyanyuliwe, asiburuzwe, shuka ikivuta ngozi, mshono hufumuka. Siku ya kwanza ya kuanza kukaa, akae dakika 15 tu, kisha mkague. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi papasa: joto au ugumu usioisha ndani ya dakika 30 unamrudisha kitandani.